Maskani ya Mtu Mmoja

Katika watu waliopata kuishi peke yao katika nchi hii ya Karagwe na habari zao zikaandikwa, wa kwanza nimjuaye mimi ni Kapteni James Augustus Grant, Mskochi, aliyefika Bweranyange kwa Mkama Rumanyika, mfalme wa nchi hii, mwezi wa Novemba 1861 pamoja na mwenziwe John Hanning Speke, wakitokea Unguja na Tabora katika safari yao ya kutafuta chimbuko la mto Nili. Speke alipoondoka kwenda Buganda, Januari 1862, Grant alibaki nyuma, kwa kuwa mguu wake mmoja ulikuwa umevimba na kutunga usaha hata haukanyagiki, naye akakaa kibandani mwake na watumishi wachache mpaka katikati ya Aprili, alipochukuliwa kwa machela kumfuata mwenziwe. Katika muda huo alichora picha, akakusanya majani na maua ya nchi, akaandika aliyoyaona, na akastahimili dawa za kila namna walizomletea wenyeji, mojawapo ikiwa tope la ziwani lililochanganywa na chumvi na mavi ya ng'ombe, akabandikwa mguuni lingali moto.

Nimtajapo mgeni huyo sikusudii kueleza habari za wasafiri wa Kizungu, ambazo zimekwisha elezwa na kukaririwa, ila nimependezwa na jambo moja katika hadithi yake, nalo ni kwamba mtu aliyeachwa peke yake ugenini, asiyeweza hata kuinuka kwenda kisimani, hakuachwa apweke: jamaa za Mkama walikuwa wakija kumtazama, waganga wakija kumjaribu, na watu wa kando wakija kwa ajili ya kuona tu. Udhaifu wake ndio uliomletea watu. Lau angalikuwa mzima, mwenye kila chombo na kila haja yake imetimia, sidhani kwamba wangalimjia nusu ya wale.

Mimi ni karani wa mahakama mstaafu, mzaliwa wa Pangani, niliyeletwa Kayanga, hapa Karagwe, na barua ya uhamisho katika ujana wangu, nikaoa hapa, nikajenga hapa, na hapa ndipo marehemu mke wangu alipozikwa. Watoto wako Mwanza na Dar es Salaam kwa kazi zao, nami nimebaki na nyumba ya vyumba vitatu, kibanja cha migomba na mibuni, na paka ambaye hataki kuhesabiwa kuwa ni wangu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, kwa hiyo kaya yangu, kwa hesabu ya makarani wenzangu wa sensa, haifiki hata robo ya kaya.

Kwa Wanyambo, wenyeji wa huku, jambo hili la kuishi peke yangu ni la kustaajabisha, na kwa baadhi yao ni la kusikitisha. Mtu mzima mwenye akili zake timamu, asiye na ugomvi na mtu, analala peke yake nyumbani, na asubuhi anajibu hodi mwenyewe! Aghalabu mzee hapewi nafasi ya kufika hapo, maana huletewa mjukuu wa kumwashia moto na kumtekea maji, akakaa naye hata amalizapo shule. Mimi pia nililetewa, na mtoto yule alikuwa wa adabu njema, walakini alipofaulu kwenda sekondari ya bweni nilimwachilia kwa moyo mkunjufu, na sikuomba badala yake, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha onja faragha, na mwenye kuionja katika uzee ni shida kumrudisha.

Taabu ya kwanza ya mtu mmoja katika nchi ya ndizi ni mkungu. Chakula cha huku hakipimwi kwa kibaba ukateka kiasi cha tumbo lako. Mkungu ukikomaa hukomaa wote, na ukiukata umeukata wote, kilo ishirini au thelathini za ndizi mbichi zimelala sakafuni jikoni zikikutazama, nazo haziwezi kungoja, maana baada ya siku chache zile za juu huanza kugeuka rangi. Mla peke yake hupika ndizi na maharage leo, kesho ndizi na karanga, keshokutwa ndizi na dagaa, na bado hajamaliza hata vichane vitatu. Basi hana ikhtiari ila kugawa. Kichane hiki kiende kwa mama wa jirani, hiki kwa kijana mkata majani, na zilizokwisha kuiva kwa mzee wa ng'ambo ya njia ambaye hukamua pombe ya rubisi katika mtumbwi wake wa gogo, na kwa kuwa anajua mimi si mnywaji huniletea kibuyu cha maji matamu ya ndizi kabla hayajatiwa mtama na kuchachuka. Naye mama wa jirani akikata wake, kichane hurudi. Nimeishi na desturi hii kwa miaka mingi bila kuipa uzito, nikiihesabu kuwa ni ukarimu wa watu, na ukarimu umo. Lakini siku hizi naona pia kwamba mgomba wenyewe hauruhusu uchoyo, kwa kuwa haukuumbwa kwa kinywa kimoja.

Nyumba nazo zilikuwa hivyo hivyo zamani. Msonge wa Kinyambo, ule wa duara ulioezekwa kwa nyasi toka kileleni hata karibu na ardhi, haukuwa kazi ya mtu na fundi wake. Ulitaka watu wa kukata nyasi, watu wa kuzichukua, watu wa kupinda fito na watu wa kufunga, na kila baada ya muda ulitaka kufanyiwa marekebisho na watu wale wale. Kisha likaja bati. Ni ajabu kidogo kwamba milima ya Kyerwa ilichimbwa madini ya bati tangu miaka ya 1920, na watu waliokuwa wakiyachimba wakarudi jioni kulala chini ya nyasi. Siku hizi aliyebaki na nyumba ya nyasi huhesabiwa kuwa ni fakiri, na mimi si mwenye kuililia, maana bati halivuji likipigiliwa vema na halina panya. Ila bati huezekwa na mafundi wawili kwa siku mbili, wakalipwa, wakaenda zao, na jirani hakuitwa.

Katika kazi zangu zote za nyumbani, iliyonipa furaha kubwa ni ya maji ya mvua. Milima ya Karagwe ni mizuri kuitazama, lakini maji yako chini mabondeni na watu wako juu, na baina yao kuna mteremko ambao mtu wa umri wangu huuheshimu. Mvua tunayo mara mbili kwa mwaka, ya Septemba hata Desemba na ya Machi hata Mei, na katikati ya mwaka, Juni, Julai na Agosti, mbingu hufunga. Hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa langu limefunika mita nane kwa sita, ndizo mita za mraba 48, kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo huku hunyesha alasiri moja na watu wasiizungumze, huniletea lita 960, yaani ndoo kubwa 48, ukiacha kidogo kinachorushwa na upepo. Mtu mmoja akitumia lita 40 kwa siku, kwa kupika, kuoga, kufua na kutawadha, miezi mitatu ya kiangazi humtaka lita zisizofika 3,700. Tangi la lita 5,000 lamtosha, na akiba ya kumwagilia mchicha inabaki.

Tangi lenyewe lilinunuliwa na watoto. Gata nilizifunga mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua kwa nini Mwenyezi Mungu aliwaumba watu wawili wawili. Gata la bati la urefu wa mita tatu lina ncha mbili, na mtu mmoja ana ngazi moja. Ukishika ncha hii na kuipigilia katika fishabodi, ncha ile hulala chini na kulipinda gata lote. Nilitafuta hila: nikavuta kamba ya ujenzi toka pembe hata pembe, nikaishusha sentimita moja kwa kila mita ili maji yaelekee upande wa tangi, nikapigilia vishikio vyote kwanza kwa kuifuata kamba, kisha nikaning'iniza ncha ya mbali kwa kitanzi cha ukambaa wa mgomba, nikapanda upande wa pili na kulilaza gata taratibu ndani ya vishikio vyake. Kitanzi nikakikata. Kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili ilinichukua mimi karibu juma zima, na kila apitaye njiani alisimama kuuliza, wengine wakitoa shauri, wengine wakitoa pole, na kijana mmoja akipanda ngazi bila kuombwa ili kunionyesha kwamba pima maji yangu imechakaa. Nilitia pia bomba fupi la kutupa maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege juu ya paa, na wavu wa mbu mdomoni mwa tangi. Mvua za Septemba zilipoanza, nilikaa barazani nikisikiliza tangi likijaa, na sina haya kusema kwamba nilikuwa na kiburi.

Basi sikwenda tena chemchemini. Hapo nyuma, ijapokuwa nilikuwa nikimlipa kijana wa baiskeli aniletee madumu, kulikuwa na siku nyingi alipokosekana, nami nikateremka na dumu langu la lita kumi, na katika kungoja zamu nikapata habari zote: nani amejifungua, nani ameshitakiwa, shamba la nani limeingiwa na mnyauko na migomba yake imeng'olewa ikafukiwa. Madhali tangi limejaa, habari hizo zikawa zinanifikia zimepoa, na nyingine hazinifikii kabisa.

Baadaye ukaja mtungi wa gesi, zawadi ya binti yangu, ambaye hakupenda baba yake apulize kuni za mkaratusi macho yakimtoka machozi. Asubuhi ya kwanza niliinjika chai, nikafurahi kuona maji yamechemka kabla sijamaliza kukunja blanketi. Jua halijapanda sana nikasikia hodi ya haraka, isiyo ya kawaida. Ni mama wa jirani, kitenge kimefungwa ovyo, na nyuma yake mwanawe mkubwa ameshika panga.

"Mzee, wasuzota? U mzima?"

"Mzima, mama. Kuna nini?"

"Hatujaona moshi."

Nilimkaribisha ndani, nikamwonyesha mtungi na moto wake wa samawati. Aliutazama, akausifu, akanywa chai. Kisha akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayesoma taarifa ya kikao, kwamba tangu marehemu alipozikwa yeye hutazama paa la jiko langu kila alfajiri atokapo kwenda kukamua, na akiuona moshi humwambia mumewe kuwa Mzee ameamka. Sikuwa na habari. Miaka yote hiyo nilijidhani naishi kwa faragha, kumbe nilikuwa nikitoa hati ya uzima kila siku juu ya paa langu, na kuna mtu aliyekuwa akiipokea. Tulikubaliana kwamba niamkapo nifungue dirisha la upande wao, na dirisha hilo hulifungua hata siku za baridi kali ya Julai.

Hilo ndilo lililonifanya nifikiri. Kila kifaa kinachomkomboa mtu mmoja kutoka katika taabu humwondolea na watu waliokuja kwa ajili ya taabu hiyo. Tangi limeondoa chemchemi, gesi imeondoa moshi na mchuuzi wa kuni, pesa za simu zimeondoa safari ya kwenda mjini kupokea masurufu, na taa ya jua imeondoa hata yule mtoto aliyekuwa akija kuazima kiberiti. Sisemi virudishwe. Atakayenirudisha kwenye kuni nitamshitaki. Nasema tu kwamba vitu hivi vina bei ya pili isiyoandikwa dukani, na anayeilipa ni mzee aliyebaki nyumbani.

Kahawa peke yake ndiyo haijabadilika. Wakati wa mavuno, kuanzia Mei na kuendelea, mbuni hauchumwi ukamalizika kwa siku moja, kwa kuwa punje haziivi pamoja. Huchumwa nyekundu, zikaachwa kijani, ukarudi tena. Zilizochumwa hutandazwa juu ya chanja, zikageuzwa mara kwa mara muda wa majuma mawili au matatu, na wingu likionekana upande wa Rwanda sharti turubai liwe karibu. Mwenye watu humwacha mmoja akilinda chanja akaenda zake. Mimi ndiye mlinzi na ndiye mwenye mali, kwa hiyo kahawa hunifunga mguu kuliko usaha ulivyomfunga Grant. Wazee walio peke yao ndio huingia kwa wepesi katika butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi huahidi kuchuma mwenyewe na pesa hutoa leo. Serikali imeikataza biashara hiyo, na ni haki, lakini makatazo hayachumi kahawa. Chama cha msingi cha ushirika kingetafuta vijana wa kuwachumia wazee kwa ujira unaokatwa mwisho wa msimu, butura ingekosa wateja wake wengi. Yangu ikikauka huipeleka chamani, nacho huiuza kupitia chama kikuu chetu, KDCU, kilichoundwa mwaka 1990 na ambacho hata baada ya wilaya ya Kyerwa kumegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 kimeendelea kuwahudumia wakulima wa pande zote mbili. Punje chache hubaki nyumbani, zikachemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa, kwa kuwa mgeni wa huku hupewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa shida yake.

Kahawa ikiisha, mimi hutoka. Nimejiwekea matembezi kuwa ni faradhi baada ya ile asubuhi ya moshi, na huyapanga kwa makini kama nilivyokuwa nikipanga majalada. Ya karibu ni gulio la Omurushaka, mahali njia zinapogawanyika, hii ikienda Kayanga na ile ikishika Nkwenda na Isingiro kuelekea mpakani. Huko sinunui kitu kikubwa. Hununua misumari ya bati, tumbaku ya jirani na samaki mkavu, na baada ya hapo hukaa kwenye banda la chai, ambako bei ya kahawa hujadiliwa na watu wasio na kahawa.

Ya mbali ni Murongo. Gari huondoka alfajiri, likapita Kaisho, na wakati wa kiangazi abiria wote hufika wakiwa wa rangi moja kwa vumbi. Mto Kagera, ambao umeuzunguka upande wa magharibi wa Kyerwa ukiitenga na Rwanda, hapo umekwisha kugeukia mashariki na kuwa mpaka wa Uganda, maji yake mekundu na yenye haraka, na kuna daraja la kwenda Kikagati ng'ambo. Hapo pana mtambo wa umeme uliojengwa kwa mkataba wa nchi mbili, na umeme wake hugawanywa nusu kwa nusu. Mimi husimama kwenye kingo kutazama watu wanavyovuka wakisalimiana kwa lugha zinazosikilizana, kila mmoja akimwulizia shangazi wa upande wa pili, nikastaajabu kwamba mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani waliokuwa mbali sana na hapa haukufaulu kuwafanya watu hawa wawe wageni.

Yanayonipendeza zaidi, hata hivyo, ni matembezi ya Mtagata, kwenye chemchemi za maji moto za Kyerwa. Henry Morton Stanley alizitembelea mwaka 1876, alipokuwa mgeni wa Rumanyika yule yule, akawakuta wagonjwa wamejaa wakioga kwa kutafuta shifaa, na mpaka leo wapo waendao kwa nia hiyo. Maji yatoka ardhini yakifuka mvuke, na yapo mahali ambapo huwezi kutia mkono ukautuliza. Siwezi kuapa kwamba yanaponya maungo. Magoti yangu yalipata nafuu ya siku mbili tatu, na yawezekana nafuu hiyo ilitokana na kukaa juani na watu wasiokujua, mkiulizana kila mtu auguacho. Kuna mzee mmoja wa upande wa Nkwenda, mjane kama mimi, tuliyejuana hapo, na sasa tukipanga safari hupigiana simu ili tukutane. Hatuzungumzi mambo makubwa. Safari iliyopita tulibishana juu ya namna bora ya kuzuia maji ya kwanza yasiingie tangini, naye ana shauri la kutumia mpira mwepesi unaoelea ndani ya bomba na kuliziba lijaapo, shauri ambalo nimelikubali shingo upande na nitalijaribu mvua za Machi zitakapokaribia.

Sasa nina neno kwa vijana walioko mijini, ambao wazazi wao wamebaki peke yao vijijini, Karagwe, Kyerwa au kwingineko. Mnapotuma tangi, mtungi wa gesi na taa ya jua, mmefanya wema, na wazee wenu wanawaombea dua. Ongezeni na nauli ya gulio. Iwe imetengwa mbali na fedha za dawa na za sabuni, na mpigapo simu mwisho wa mwezi waulizeni wameitumia kwenda wapi.